Watoto wa darasa la tatu kusafisha mfereji wa mtaa: ni somo au ni salongo (kazi ya lazima ya umma)?

#1 MamaDivine (Bukavu, Kadutu)
Jambo wote. Naomba mawazo yenu.

Shule ya binti yangu (darasa la tatu ya primeri, ana miaka minane) imeanzisha kitu wanachokiita mafunzo kwa njia ya huduma. Ijumaa moja moja, saa ya mwisho, watoto wanatoka na mwalimu wao kwenda kwenye mfereji unaopita nyuma ya shule. Kwanza wanahesabu chupa na masashe (mifuko ya plastiki) na kuandika kwenye daftari. Safari nyingine wanawauliza akina mama wanaouza pale takataka zinatoka wapi. Mwisho wanasafisha.

Mtoto anapenda. Siku hizi nyumbani hatuwezi kutupa hata ganda la ndizi mbele yake. Ila majirani zangu wamechukia. Wanasema mtoto anatumwa masomo akasome, hatumwi kufanya kazi ya komini (serikali ya mtaa). Mimi sijaamua. Mtoto mdogo hivyo anafundishwaje kwamba mtaa ni wake pia? Hii ndiyo njia, au shule imepata vibarua wa bure?

#2 Kijana_wa_Panzi
Vibarua wa bure, Mama. Sisi kila Jumamosi tulikata majani ya shule na kupekupe. Aliyechelewa aliongezewa eneo. Hakuna aliyetoka pale anapenda mtaa, tulitoka tunajua kujificha. Somo la uraia na maadili lipo kwenye programu ya taifa, walifundishe darasani vizuri, inatosha.

#3 Metre_Ibanda
Mama Divine, aksanti kwa uzi. Nafundisha darasa la nne, si katika shule yako.

Kijana, kupekupe yako ilikuwa adhabu, na kila mtoto pale alijua ni adhabu. Mafunzo kwa njia ya huduma yana mpangilio wake: watoto wanachunguza tatizo, wanajiandaa, wanatenda, halafu wanakaa chini na kujiuliza tumeona nini, nani tumemsaidia, nani tumemsumbua. Mwisho wanawaonyesha wengine walichokipata. Ukiondoa kuchunguza na kutafakari kinabaki kufagia tu, na hapo nitakubaliana na wewe. Jina la njia hii lilitolewa na Wamarekani wawili, Robert Sigmon na William Ramsey, mwaka 1967, lakini John Dewey alikuwa ameshaandika kuhusu mtoto kujifunza kwa kutenda tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwangu hesabu ya chupa iligeuka somo la hesabu kweli. Tulichora mistari ubaoni: chupa, masashe, vitambaa, maganda. Kuna mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole tangu Septemba. Siku ile alisimama kujumlisha, kwa kuwa namba zile alizihesabu yeye mwenyewe.

#4 Kijana_wa_Panzi
Metre, nakuheshimu. Nijibu moja tu: nani alichagua mfereji? Watoto, au direkteri?

#5 MamaDivine
Nimemuuliza binti. Anasema mwalimu aliwapa mambo matatu: mfereji, bomba la maji la mtaa, au wazee wa avenyu yetu. Wakapiga kura kwa mikono, mfereji ukashinda. Na walimu wanaingia kazini pamoja nao, hilo nimeliona kwa macho yangu.

#6 Mwalimu_Ujiji (Kigoma)
Habari za huko, majirani. Naomba niingie kidogo, kwa sababu jambo hili kwetu tulishalipitia.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kuamua wapande nini na mapato yatumikeje. Shamba lilikuwepo katika shule nyingi. Kushiriki kuamua ndiko kulikopotea njiani. Mwanafunzi alibaki na jembe, hesabu za mavuno zikabaki ofisini. Wazazi wakaanza kuuliza maswali haya haya ya majirani wa Mama Divine.

Kwa hiyo swali la Kijana kuhusu nani alichagua ni zito. Ila kura ya mikono kati ya mambo matatu aliyoyaleta mwalimu ni hatua ya kwanza tu. Ningependa kujua kama watoto wanaweza pia kusema "tumechoka na mfereji, sasa tufanye kingine."

#7 Lava_na_Maharagi (Goma)
Watu wa Bukavu mna bahati ya udongo, ingawa mvua ikinyesha unawafuata mpaka sebuleni 😄. Kwetu mtoto akitaka kupanda mti shuleni jembe linagonga jiwe la lava ya 2002. Wanapanda lengalenga (mchicha) kwenye magunia.

Naona mnaongea kana kwamba huduma ni takataka pekee. Shule moja ya karibu nasi ilifanya hivi baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021. Darasa la tano walisoma rangi za tahadhari ya volkano: kijani, njano, rangi ya chungwa, nyekundu. Halafu kila mtoto akachora ramani ya avenyu yake: njia ya kukimbilia, nyumba yenye mzee asiyetembea, nyumba yenye mtoto mchanga. Waliipeleka kwa shefu wa avenyu na wazazi wakaisahihisha. Mama mmoja akagundua njia waliyoichora ilishafungwa na ukuta wa jirani.

Mnakumbuka tarehe 22 Mei usiku, watu walivyokimbia kila upande bila kujua lava inaelekea wapi? Mtoto aliyechora ile ramani amefanya kazi ya mtaa, na hakushika takataka hata moja.

#8 Koko_Nyalukemba
Wajukuu, jambo. Nimesoma yote. Hii salongo mnayoigombania tuliiga kwa Wanyarwanda na umuganda wao (kazi ya pamoja ya umma), ndiyo maana haikai. Zamani kwetu mtoto alifundishwa nyumbani. Msichana wa miaka minane anachota maji, anambeba mdogo wake mgongoni, anampelekea bibi chakula. Mnamfundisha nini tena shuleni?

#9 Fundi_wa_Moto
Koko, shikamoo. Kwa heshima, salongo hatukuiga huko. Ni ya Mobutu, miaka ya 1970, iliagizwa toka Kinshasa, kila Jumamosi raia wote watoke kufanya kazi. Umuganda una historia yake, na huo wa sasa wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi Rwanda waliuwekea sheria mwaka 2007.

Nadhani hapo ndipo shida ya wazazi ilipo. Mtu wa miaka 60 akiona watoto kwenye mstari wanaokota takataka, anakumbuka kulazimishwa. Mwalimu anaona somo, mzee anaona MPR, chama cha Mobutu. Wote wawili wanaangalia watoto wale wale.

#10 Furaha_B (Bukavu)
Koko, umesema msichana. Mvulana wa miaka minane naye anabeba mdogo wake mgongoni? Kwa nyumba nyingi ninazozijua, hapana. Anacheza mpira mpaka chakula kiive. Ndiyo maana mimi naitaka kazi hii shuleni, kwa sharti moja: wavulana wafagie, na wasichana wapime, waandike, waongoze kikundi. Nimeshaona shule ambako "huduma" ni wasichana kupiga deki na wavulana kuhamisha mabenchi. Hapo shule inarudia tu ya nyumbani.

#11 Koko_Nyalukemba
Furaha, hapo umesema kweli. Wangu walikuwa hivyo hivyo.

#12 KatubaMoja (Lubumbashi)
Jambo yenu. Miye niko ku Katuba. Ku masomo ya batoto bangu, kalasi ya tano balikuwa banaenda kuona bazee ba Gécamines, kampani ya migodi. Munakumbuka 2003, bantu kupita 10,000 balitoka ku kazi pa mara moja, bakasema ni kuondoka kwa kupenda. Bengine banazeekea mu makambi mpaka leo.

Batoto balikuwa banabachotea maji, banafagia kidogo, halafu banabauliza: ulifanya kazi gani? mushahara ulitosha? ku kambi kulikuwa nini? Mwana wangu alirudi na mambo ya mji huu yenye miye sikujua. Njo pale nikaona hii kazi iko na maana.

Lakini kukakuja bantu na makina ya kupiga foto. Batoto bakavalishwa tishati, bazee bakapangwa mu mustari. Muzee moja akakataa kufungua mulango tena. Akasema "miye si maonyesho". Batoto balilia. Hakuna mwalimu alibaelezea juu ya nini muzee alikasirika.

#13 Mwalimu_Ujiji
KatubaMoja, hapo ndipo pa kutafakari kuliko siku zote nyingine. Mzee aliyefunga mlango aliwapa somo la heshima, na mwalimu hakulipokea.

#14 Metre_Ibanda
Naongeza kwa wanaofanya kazi na mashirika: Roger Hart aliandika kwa ajili ya UNICEF mwaka 1992 kuhusu ngazi ya vidato vinane ya ushiriki wa watoto. Vidato vitatu vya chini havihesabiki kuwa ushiriki: mtoto kutumiwa, mtoto kuwa pambo, mtoto kuwekwa aonekane tu. Tishati na foto za Lubumbashi ziko huko chini kabisa.

#15 Kijana_wa_Panzi
Bado hamjajibu kuhusu afya. Nchi yetu ina sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto, kifungu cha 32, unakataza kazi inayoweza kumdhuru. Mfereji wa Kadutu una nini ndani? Vinyesi, vioo, sindano. Kipindupindu hakijawahi kutuacha hapa Kivu. Mtoto wa miaka minane ataingiza mkono humo kwa jina la somo?

#16 MamaDivine
Hili ndilo linaloninyima usingizi mimi. Wanapewa sabuni baadaye, lakini glavu nilizoziona ni za watu wazima, zinawatoka mikononi.

#17 Metre_Ibanda
Kijana, hapa nakuunga mkono bila kubakiza. Watoto wa primeri ya chini wasiguse mfereji kabisa. Wasimame ukingoni, wahesabu, wachore, wahoji. Kazi ya mikono iwe sehemu safi: uwanja wa shule, ndoo ya kunawia mbele ya choo. Kipindupindu chenyewe kinatosha kuwa mradi: wanasoma kinavyoenea, wanaweka kibuyu cha kunawia, wanapanga zamu ya kujaza maji, wanawafundisha wadogo wa maternele (chekechea) kunawa. Mama, waambieni hivyo kwenye komite ya wazazi. Wala si kuipinga shule.

#18 Furaha_B
Kuna jambo jingine. Shule ya jirani yetu inampa mtoto alama na biskuti kwa kila chupa. Mimi nilisoma saikolojia, na hapo naogopa. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba mtoto wa miezi 18 tu anamwokotea mtu mzima asiyemjua kitu kilichomponyoka, bila kuombwa. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliopewa zawadi kwa kusaidia walipunguza kusaidia zawadi ilipoondolewa. Hamu ya kusaidia mtoto anakuja nayo. Biskuti inaweza kuiharibu.

#19 Lava_na_Maharagi
Furaha, kwa watoto wanaokuja shuleni bila kunywa chai, biskuti si zawadi, ni chakula. Wapeni wote kabla ya kuanza, isiwe kwa chupa.

#20 Furaha_B
Hapo sina neno. Wote, na kabla.

#21 Xaveri_Daima
Mnasumbuka kutafuta njia ya Wamarekani, na hapa hapa Bukavu Padri Georges Defour alianzisha Xaveri, chama cha vijana wa Kikatoliki, mwaka 1952. Watoto walikuwa wanasaidia wajane na wagonjwa kabla ya hao wa 1967. Na mtoto anaingia kwa kupenda. Hilo shule haiwezi. Huduma ya kulazimishwa haijengi moyo.

#22 Kijana_wa_Panzi
Xaveri si ilitoka Burundi?

#23 Xaveri_Daima
Hapana ndugu. Ilizaliwa Bukavu, kisha ikaenea nchi nyingine.

#24 Fundi_wa_Moto
Xaveri nilipita, ilinijenga. Lakini nani anaingia? Mtoto ambaye wazazi wake tayari wako karibu na parokia. Shule inawapata wote, hata yule ambaye nyumbani hakuna anayemwambia lolote. Hiyo ndiyo nguvu ya shule, na ndiyo hatari yake pia, maana huyo huyo hana pa kusema sitaki.

Nirudi kwenye mfereji, maana ni kazi yangu. Mtoto akiuliza chupa inakwenda wapi, mwambieni ukweli mpaka mwisho. Mvua inaishusha kwenye mito ya Kawa na Kahuwa, inaingia ziwani. Maji ya Ziwa Kivu yanatoka kupitia mto Ruzizi, hapa kwetu. Chupa nyingi zinafika kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I na kuziba njia ya maji ya turbini. Mashine ikisimamishwa ili waondoe takataka, nyumbani moto (umeme) unakatika. Watoto wanaosoma na mshumaa wanastahili kuujua mnyororo huo. Wapelekeni waone kwa mbali.

#25 Kijana_wa_Panzi
Lakini bwawa hilo ni la nchi tatu, kwa nini tulisafishe sisi?

#26 Fundi_wa_Moto
Unachanganya. Ruzizi I ni ya SNEL, shirika la umeme la Kongo. Ya nchi tatu, Burundi, Kongo na Rwanda, ni Ruzizi II, chini ya SINELAC, shirika lao la pamoja, tangu 1989. Na takataka za Bukavu zinapita kwenye yote mawili.

#27 Mwalimu_wa_NU
Naandika kwa mara ya kwanza, samahanini. Mimi ni mwalimu wa N.U., yaani mwalimu mpya ambaye serikali haijaanza kumlipa. Tangu primeri iwe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, mimi nina watoto 81 kwenye chumba kimoja. Naipenda njia hii, natamani kuifanya. Lakini kutoa watoto 81 barabarani na pikipiki zile, peke yangu? Na kutafakari nao namna gani, kila mmoja aseme neno? Kengele italia kabla ya benchi la tatu.

#28 Metre_Ibanda
Mwenzangu, karibu. Wangu ni 70 na kitu, na hatutoki nje ya ua wa shule mara nyingi. Kila mradi una vikundi vya watoto wanane au tisa, kila kikundi kina kazi yake na msemaji anayebadilika. Tafakari naifanya kwa kuchora kwanza: kila mtoto anachora kitu kimoja kilichomshangaza, dakika chache. Michoro inapita kikundini, kisha wasemaji tu ndio wanaongea mbele. Wazazi wawili wakija siku ya kutoka, unatoka na nusu ya darasa, nusu wanabaki na mwenzako. Si rahisi. Mwalimu asiyelipwa hastahili kubebeshwa hata hiki, nalisema wazi.

#29 KatubaMoja
Huku mvua ikianza mu kwezi ya Novemba, batoto banapanda miti mu kiwanja. Pale batoto habatoke inje ya masomo, na pikipiki hapana. Shida ni kiangazi: nani atanyweshea mwezi ya saba, masomo imefunga? Mwaka ule baliachia mulinzi. Miti ikakufa, mulinzi njo akagombezwa.

#30 Lava_na_Maharagi
Hiyo ndiyo tafakari yenyewe! Warudi Septemba wakute miti imekufa, waulizwe: tulipanga nini kwa kiangazi?

#31 MamaDivine
Nawashukuru wote. Nimeongea na mwalimu. Kasema glavu zitapatikana au watoto wabaki ukingoni. Ila kaleta swali ambalo sikulitarajia. Watoto waliandika barua kwa komini. Walisikia kuna dekreti namba 17/018 ya 30 Desemba 2017 inayokataza masashe nchi nzima, wakauliza kwa nini bado yanauzwa. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri. Jibu hakuna mpaka leo, na kila Ijumaa wanamuuliza. Ninyi mngewaambia nini?

#32 Furaha_B
Kwa umri wao ningewachagulia mtu anayeweza kujibu haraka: mwenye duka la karibu, shefu wa avenyu. Mtoto anahitaji kuona mapema kwamba akifanya kitu, kitu kinabadilika. Komini wataijua wakikua.

#33 Kijana_wa_Panzi
Mimi napinga. Msiwafiche. Kujua nani hakujibu ni nusu ya kuwa raia. Nimeanza uzi huu nikikataa yote, lakini hii barua ndiyo sehemu pekee ninayoipenda kabisa, kwa sababu hapo mtoto anamdai mkubwa, hafanyi kazi ya mkubwa.

#34 Koko_Nyalukemba
Mtoto kumdai mkubwa? Atamdai na baba yake nyumbani. Mfundisheni kwanza kuomba vizuri.

#35 Mwalimu_Ujiji
Koko, barua ya heshima yenye swali la haki si utovu wa adabu. Ila ningemshauri mwalimu asiandike yeye. Maneno yawe ya watoto, hata yakiwa na makosa ya imla.

#36 Kijana_wa_Panzi
Waandike ya pili. Na safari hii waipeleke wenyewe mkononi, asubuhi ya siku ya kazi, wazazi wakiwa nyuma yao.

#37 Metre_Ibanda
Wazazi wangapi wa Kadutu wanaweza kuacha meza ya biashara asubuhi ya siku ya kazi?